Mchezo na Mapigo: Somo la Muziki katika Madarasa ya Mwanzo, Kolwezi

Makala haya yanajadili nafasi ya mchezo katika kufundisha muziki kwa watoto wa madarasa ya mwanzo mjini Kolwezi, mkoani Lualaba. Hoja yake ni kwamba mtoto huingia darasani akiwa na mapigo tayari mwilini. Kazi ya mwalimu ni kuyapa majina.

Mfano ulio wazi ni nzango, mchezo wa wasichana unaojulikana sana nchini Kongo. Makundi mawili hukabiliana, huimba na kupiga makofi. Wachezaji wawili huruka, kila mmoja akatanguliza mguu. Ushindi hutegemea kama miguu imelingana au imepishana. Mguu ukichelewa hata kidogo, ubishi huzuka. Wasichana hao hao, wakisharudi darasani mbele ya ubao wenye do, re, mi, huweza kuhesabiwa kuwa hawajui kufuata mapigo. Kosa hapo si lao.

Kiswahili chenyewe kinatoa msaada usiohitaji ala yoyote. Mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: watoto wakipiga kofi zito juu ya mkazo, *shule* hupigwa mwanzoni, lakini *shuleni* kofi husogea. Somo la muziki limekuwa pia somo la sarufi. Vivyo hivyo mchezo wa gari la moshi: watoto hufuatana mstarini wakitaja vituo vya reli kwa kukanyaga, *Kolwezi*, *Tenke*, *Fungurume*, *Likasi*, *Lubumbashi*. Tenke ina hatua mbili, Likasi tatu, Lubumbashi nne. Anayefika Fungurume kwa hatua tatu ameruka silabi, na wenzake humcheka kabla mwalimu hajasema neno. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa inaruhusu lugha za taifa na za mazingira kuwa lugha za kufundishia. Mchezo huu hauna basi haja ya kungoja Kifaransa.

Carl Orff, aliyeshiriki kuanzisha shule mjini München mwaka 1924, alijenga mafundisho yake juu ya usemi, makofi na kukanyaga. Hata hivyo, ushahidi wa karibu zaidi uko Kamina, katika Katanga ya zamani. Huko Padri Guido Haazen aliongoza kwaya ya wavulana wa shule na walimu wao, waliorekodi *Missa Luba* mwaka 1958. Sehemu kubwa ya misa hiyo ilibuniwa kwa pamoja katika kuimba, kwa mitindo ya nyimbo za jadi. Nota ziliandikwa baadaye.

Tahadhari moja inafaa. Kiluba, tofauti na Kiswahili, ni lugha ya toni. Mwalimu akiingiza wimbo wa Kiluba katika mchezo, mkazo hautamtosha: sauti ikipanda pale ambapo neno hushuka, maana huweza kupotea. Katika nyimbo hizo ni afadhali awaachie kwanza watoto wanaoijua lugha waongoze, naye aitikie.