Maumivu ya Koo: Chanzo, Nafuu na Hatari Zake

Mwanafunzi, mada hii inaunganisha mambo matatu uliyokwisha kuyasoma: vimelea, mfumo wa kinga na moyo.

Maana
Maumivu ya koo ni kuwasha au kuuma kwa koo, hasa unapomeza, kutokana na kuvimba kwa utando laini wa koo.

Chanzo
(a) Virusi. Hawa ndio chanzo kikubwa. Dalili zake ni mafua, kikohozi na sauti kukauka. Kwa kawaida mgonjwa hupona mwenyewe ndani ya wiki moja. Antibayotiki haziui virusi.
(b) Bakteria, hasa Streptococcus. Maumivu huanza ghafla, pamoja na homa, tezi za shingo zinazouma na mafindofindo yenye madoa meupe. Mara nyingi hakuna kikohozi.
(c) Vumbi na moshi. Sisi wa Mpanda tunaufahamu mwezi wa Agosti: vumbi la barabarani na moshi wa kuni.

Jinsi koo linavyoweza kuharibu moyo
Mwili hutengeneza kingamwili ili kupambana na Streptococcus. Baadhi ya protini za bakteria hao zinafanana na protini za mwili wetu, hivyo kingamwili hizo zinaweza kushambulia viungo na vali za moyo. Hii ndiyo homa ya rumatiki. Hutokea wiki 2 hadi 4 baada ya koo kuuma, zaidi kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 15. Vali iliyoharibika haifungi vizuri, na damu hurudi nyuma.

Linganisha: ugonjwa wa koo wa bakteria huweza kutibiwa kwa penisilini katika kituo cha afya. Vali iliyoharibika sana huhitaji upasuaji, kama unaofanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mpanda.

Kupata nafuu
1. Sukutua koo kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, kisha tema.
2. Lamba asali, ya Inyonga haiko mbali. Usimpe mtoto wa chini ya mwaka 1.
3. Kunywa maji ya kutosha na upumzike.
4. Meza parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa.

Mambo ya kuepuka
- Kukata kimeo. Hakutibu koo, huleta kutokwa damu nyingi na maambukizi.
- Kununua vidonge viwili vitatu vya antibayotiki bila kupimwa.
- Kuacha dozi ukijisikia nafuu. Bakteria waliobaki huweza kurudi na ugonjwa, na matumizi holela huzalisha usugu wa dawa.

Nenda kituo cha afya ukiwa na dalili za (b), au maumivu yakizidi wiki moja. Ukishindwa kupumua vizuri au kumeza mate, nenda mara moja.

Swali la kujipima
Mwanafunzi aliyepewa dozi ya penisilini ya siku 10 anaacha siku ya 3 kwa sababu koo haliumi tena. Eleza hatari mbili. (Alama 4)

Jibu
(i) Bakteria waliobaki wanaweza kuchochea homa ya rumatiki na kuharibu vali za moyo.
(ii) Bakteria waliobaki wanaweza kuzaliana, na ugonjwa ukarudi.