Kompyuta Iko Dallas, Mwajiri Yuko Nairobi

Mhandisi wa programu kutoka Kenya ameajiriwa Dallas kwa viza ya H-1B. Wenzake waliobaki Nairobi wamefungua kampuni, na wanamwomba awasaidie saa chache kila Jumamosi. Malipo yataingia kwenye akaunti yake ya Kenya, kwa shilingi. Kampuni haina tawi wala mteja Marekani, na hakuna Mmarekani anayenyang'anywa kazi. Wengi walio katika hali kama hiyo huamini hapo hakuna kosa. Lipo.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiulizi mshahara unatoka wapi. Kwa mujibu wa kanuni zake, ajira ni huduma au kazi yoyote ambayo mwajiriwa anamfanyia mwajiri ndani ya Marekani, kwa hiyo kinachotazamwa ni mahali alipokaa mtu wakati anafanya kazi. Nayo H-1B haimruhusu mtu kufanya kazi yoyote aipendayo. Inamruhusu kumfanyia kazi mwajiri aliyemwombea, katika nafasi na mahali palipotajwa kwenye maombi. Tangu uamuzi wa shauri la Simeio Solutions mwaka 2015, hata mwajiri yuleyule akimhamishia mfanyakazi mji wa mbali, sharti apeleke kwanza maombi ya marekebisho. Mwajiri wa pili asiyejulikana kabisa hawezi kuachwa hivihivi, na kujiita mkandarasi huru hakubadilishi kitu, kwa kuwa viza hiyo haikutolewa kwa ajili ya vibarua vya kujitegemea.

Njia halali ipo, ila ni nyembamba. H-1B inaruhusu waajiri wawili kwa wakati mmoja, na yule wa pili hahitaji kugombea tena mgawo wa nafasi 85,000 za kila mwaka. Lakini lazima awe mwajiri wa Marekani, mwenye namba ya mlipakodi ya huko, atakayejaza fomu I-129 kwa ajili ya kazi hiyo ya pili. Kampuni changa ya Nairobi haina pa kuanzia.

Balaa lenyewe huonekana kwenye kodi. Mwenye H-1B akishatimiza kipimo cha siku za ukazi, anatakiwa kutangaza kipato chake cha dunia nzima, zikiwemo zile shilingi. Marekani haina mkataba wa kuepusha kutozwa kodi mara mbili na Kenya, wala na Tanzania. Akaunti za nje nazo, jumla yake ikipita dola 10,000 wakati wowote ndani ya mwaka, huripotiwa. Sasa akiandika pesa ile kwenye ritani, ameweka ushahidi kwa mkono wake mwenyewe. Asipoiandika, ameongeza kosa la pili, na hilo la kuficha ndilo baya zaidi. Aliyekwisha kuanza asimame leo, atangaze kipato chote, kisha amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu nyingine yoyote.

Madhara huchelewa, na ndiyo maana watu hujisahau. Miaka kadhaa baadaye anaomba grini kadi kupitia kazi yake. Fomu I-485 inamuuliza waziwazi kama amewahi kufanya kazi Marekani bila kibali, na inataka historia yake ya ajira. Sheria inawavumilia waombaji wa njia ya ajira ambao makosa ya aina hiyo hayajazidi siku 180 tangu walipoingia nchini kihalali mara ya mwisho. Siku 180 zinasikika nyingi kwa mtu wa Jumamosi tu. Idara ya uhamiaji lakini huhesabu siku zote ambazo ajira ile iliendelea, hata zile ambazo hakugusa kompyuta. Miezi sita na ushei, uvumilivu umekwisha.

Si kila pesa ya nyumbani ni kosa, hata hivyo: gawio la hisa na kodi ya nyumba aliyopangisha Kitengela si ajira. Hata kazi ileile ya wenzake akiifanya akiwa likizoni Nairobi, inakuwa imefanyika Kenya.

Wanaosahaulika zaidi ni wenza wa wenye H-1B. Mke anamfuata mumewe kwa viza ya H-4, anaendelea kumfungia hesabu mwajiri wake wa zamani wa Mombasa kwa intaneti, na hakuna aliyemwambia kuwa haruhusiwi. Tangu mwaka 2015 baadhi ya wenye H-4 wanaweza kuomba kibali cha kazi, hasa pale mwenza wao anapokuwa na ombi la grini kadi kupitia ajira lililokwisha kupitishwa. Wengine wote hungoja, mara nyingi kwa miaka, wakiwa na vyeti na ujuzi wa kutosha. Uingereza imechagua vingine: mwenye viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi anaweza kufanya kazi ya ziada hadi saa 20 kwa wiki kwa masharti kuhusu aina ya kazi, na mke au mume aliyeandamana naye anaruhusiwa kuajiriwa karibu kazi yoyote.