Jinsi Uchachu wa Maziwa Upimwavyo

Mkulima ambaye debe lake la maziwa limekataliwa kiwandani hurudi nyumbani na uchungu, akidhani kuwa mpokeaji amemwonea. Aliyanusa, akayaonja, na kwake yalikuwa mazima. Lakini pua na ulimi havijui kuhesabu.

Asidi iliyomo katika maziwa haionekani, wala haiwezi kutolewa ikawekwa mizanini. Kwa hiyo hupimwa kwa kupambanishwa na adui yake, yaani maji ya kostiki soda ambayo nguvu yake yajulikana kamili. Mpimaji hutia mililita 10 za maziwa katika chombo cheupe, pamoja na matone machache ya dawa iitwayo fenolfthaleini. Dawa hii haina rangi penye asidi, bali huwa ya waridi mara soda inapozidi. Kisha hufungua mrija wa kioo wenye alama, akadondosha soda tone kwa tone huku akikoroga. Rangi hutokea na kutoweka, hutokea na kutoweka. Ikidumu hufunga mrija na kusoma alama. Akipitiliza, hana budi kuanza upya, basi kazi hii haimfai mtu wa pupa.

Hesabu yake imerahisishwa kwa akili nzuri. Uzito wa molekuli ya asidi ya maziwa ni 90. Kwa hiyo soda hupunguzwa hadi sehemu moja ya tisa ya nguvu kamili, na kila mililita 1 inayotumika huwa ni asilimia 0.1 ya asidi. Mililita 1.5 ni asilimia 0.15, nayo ni maziwa mazima. Yakifika asilimia 0.25, yaelekea kuganda yakichemshwa.

Msomaji atauliza: kama ni mazima, hiyo 0.15 yatoka wapi? Ni protini na chumvi za maziwa yenyewe, ambazo nazo hula soda. Kinachozidi hapo ni kazi ya vijidudu wanaogeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, nao huzaliana upesi penye joto. Maziwa ya jioni yaliyolala bila kupozwa, yakimiminwa juu ya yale ya asubuhi, yaweza kuharibu debe zima.

Wako wanaotia magadi ili kuficha uchachu. Kweli, kipimo hiki hudanganyika, maana magadi yamekwisha kula asidi kabla ya soda. Lakini vijidudu wamo vilevile, na iko dawa nyingine, asidi ya rosoliki, ambayo hugeuka nyekundu ikikutana na maziwa yaliyotiwa magadi.