Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Maradhi ya saratani, ambayo wengi wetu twayaita kansa, hutajwa kwa kunong'ona. Huyu husema ni laana, yule husema ni mkono wa mtu. Sisi twaona kuwa adui asiyejulikana hapigwi. Kwa hiyo yatupasa tujue wataalamu wanayaelewaje maradhi haya.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai nyingi mno, zisizoonekana kwa jicho. Kila chembe ina amri zake: wakati wa kugawanyika, wakati wa kutulia na wakati wa kufa. Amri hizo zimo katika jeni. Jeni zikiharibika, na uharibifu huo ukilimbikana kwa miaka, chembe huweza kuasi. Huzaana bila kikomo, hukataa kufa, hujivutia mishipa ya damu ya kuilisha, kisha huvamia nyama za jirani na kusafiri hata kwenye mapafu, ini au mifupa. Kuvamia na kusafiri huko ndiko kunakoipambanua saratani na uvimbe mwingine, ambao hukua ukabaki mahali pake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chembe za saratani ni za mgonjwa mwenyewe, wala hazimrukii anayemwuguza. Kumtengea mgonjwa kikombe na mkeka wake ni dhuluma isiyo na sababu.

Hata hivyo, kinachoziharibu jeni mara nyingi chatoka nje, na hayo yalionekana mapema miilini mwa wafanyakazi. Mwaka 1775, daktari Percivall Pott wa London aliandika kuwa wafagiaji wa dohani walipatwa na saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa sababu ya masizi. Mwaka 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kuwa moshi wa injini za dizeli huleta saratani ya mapafu. Moshi wa tumbaku na vumbi la asbesto vimo katika orodha hiyo hiyo.

Afrika Mashariki nayo imeifunza dunia. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe ulioshambulia mataya ya watoto. Mwaka 1964 kirusi kilionekana ndani ya chembe za uvimbe huo, na leo yajulikana kuwa kirusi hicho na malaria husaidiana kuuleta. Kirusi kingine huandaa njia ya saratani ya mlango wa kizazi. Virusi huambukizwa, saratani yenyewe haiambukizwi. Na kirusi chaweza kuzuiwa: tangu mwaka 2018 wasichana wa Tanzania nzima wanapewa chanjo ya hicho cha mlango wa kizazi.

Basi, ndugu wafanyakazi, hapana budi mwajiri atoe vifaa vya kinga, na mfanyakazi avitumie. Mzazi ampeleke binti yake akachanjwe. Na mwenye uvimbe unaokua, kidonda kisichopona au damu isiyo ya kawaida asizunguke kwa waganga mpaka chembe zimekwisha safiri. Aende hospitali mapema, adui angali mahali pamoja.