JIKO LA UDONGO LILIVYOBUNIWA

Jiko la bati hupoteza moto. Joto hutoka ubavuni, na mkaa huisha upesi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu nchini Kenya walitafuta njia ya kuondoa tatizo hili. Waliiga jiko la Thailand, lenye udongo wa kufinyanga ndani. Walitengeneza majiko ya kwanza, wakawapa watu wapikie. Udongo wa baadhi ya majiko ulipasuka. Mengine hayakufaa kwa sufuria za akina mama. Basi mafundi walisahihisha. Jiko likawa pana juu na chini, na jembamba katikati, lisimame imara.

Hivyo ndivyo chombo kinavyobuniwa: kuona tatizo, kufikiri, kutengeneza, kujaribu na kusahihisha.

Je, kuna faida gani? Palipotumika magunia 3 ya mkaa, sasa 2 huweza kutosha. Wafinyanzi na mafundi bati wamepata kazi. Lakini bei ya jiko hili ni kubwa kuliko ya jiko la bati.

Ndugu msomaji, ukinunua, kagua udongo usiwe na ufa. Ukiona kasoro, mweleze fundi. Anayepika ndiye anayelijua jiko.