Siku ya Kufunguliwa Itafika

Karibu kila mwenyeji wa Dodoma analijua Gereza la Isanga, na wengi hulipita bila kuuliza ni nini kinachotendeka nyuma ya kuta zake. Leo tunapenda kuuliza, na twauliza juu ya wafungwa ambao watu hawataki hata kuwataja: wale waliohukumiwa kwa kubaka na kunajisi watoto.

Mwaka 1998 Bunge letu lilitunga sheria maalum ya makosa ya kujamiiana. Mtu mzima aliyebaka hupewa kifungo kisichopungua miaka 30, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Sheria hiyo ni kali, na yastahili kuwa kali. Walakini hesabu ni hesabu. Aliyefungwa miaka 30 mwaka ule, hata asipopunguziwa siku moja, kifungo chake hakivuki mwaka 2028. Na wenye kupunguziwa kwa tabia njema hutangulia. Tena, tarehe 9 Desemba 2017, papa hapa Dodoma, Rais Magufuli alitangaza msamaha uliowatoa hata wanamuziki wawili waliofungwa maisha kwa kosa la namna hii. Lango la gereza, basi, hufunguka. Anayetoka ni mtu wa namna gani, naye anarudi kwa nani?

Magereza yetu hufundisha kilimo na ufundi, na hilo ni jema. Lakini seremala hodari aweza kuwa mbakaji vilevile. Katika nchi nyingine wafungwa wa makosa haya huketishwa kwa vikundi vidogo mbele ya mtaalamu, na kila mmoja hutakiwa kulisimulia kosa lake pasipo kumsingizia mtoto, pombe wala shetani. Wenzake humkatiza anapodanganya, maana mwongo hutambulikana upesi na waongo wenzake.

Hatusemi kwamba dawa hii haikosi. Uingereza iliendesha mafunzo ya vikundi namna hiyo tangu miaka ya 1990. Mwaka 2017 serikali yake ilitoa taarifa ya kusikitisha: katika kila 100 waliopitia mafunzo, 10 walirudia makosa ya kujamiiana, katika kila 100 wasioyapitia, 8. Mafunzo hayo yakaondolewa, yakawekwa mengine. Twajifunza hapo kwamba nia njema haitoshi. Yapasa kupima na kuwa tayari kukiri kosa.

Huko Kanada, katika mji wa Hamilton, mchungaji mmoja wa Kimennonite alianza njia nyingine mwaka 1994. Mtu aliyefunguliwa, ambaye majirani walimwogopa, alizungukwa na raia wachache wa kujitolea. Walimsaidia kupata makao na kazi, na papo hapo walimwuliza bila haya amekuwa wapi na amewaza nini. Hakuachwa peke yake, wala hakuaminiwa ovyo.

Jambo hilo si geni kwetu tuliokulia katika mabaraza ya wazee. Dodoma ina Hospitali ya Mirembe yenye wataalamu wa maradhi ya akili, na ina Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007. Tunashauri Jeshi la Magereza liwaite, waanze na kikundi kimoja pale Isanga, kisha wawafuatie waliofunguliwa kwa miaka mingi na kuwatangazia wananchi matokeo, yawe mema au mabaya.

Lakini tunaonya. Wako wazazi vijijini waliozoea kuyamaliza mambo haya nyumbani kwa mbuzi au ng'ombe; baba hupokea fidia, na binti hubaki na jeraha lake. Duara la wasaidizi lisiwe mlango mpya wa kuikwepa mahakama. Huanza baada ya hukumu, si badala yake. Na kabla mfungwa hajarudi kijijini, aliyetendewa aambiwe, aulizwe hofu yake, na neno lake lisikilizwe kwanza.

Wapo watakaosema kwamba fedha za umma zisitumiwe kwa watu wa namna hii. Twawajibu: hatuwaombei wao raha, twawaombea watoto wetu usalama. Mtu huyu atarudi, tukitaka tusitake, na njia ya kisimani atakayopita ndiyo wanayopita binti zetu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.