Dawa za Presha na Dawa za Maumivu: Eleza Kabla ya Kununua

Shinikizo la juu la damu, ambalo wengi huliita presha, mara nyingi halina dalili. Kwa hiyo, dawa yake inapopunguzwa nguvu na dawa nyingine, mgonjwa anaweza asihisi lolote hadi apatwe na kiharusi.

Chukua mfano wa mkulima wa Nassa, mkoani Simiyu, anayetumia dawa za presha. Katika msimu wa kuvuna pamba mgongo humuuma, naye hununua diklofenaki au ibuprofeni katika duka la dawa muhimu. Dawa hizo huzifanya figo zizuie chumvi na maji mwilini, hivyo presha hupanda. Aidha, hupunguza nguvu ya enalaprili, losatani na dawa za kuongeza mkojo. Anayetumia losatani pamoja na dawa ya kuongeza mkojo, kisha akaongeza diklofenaki, anaweza kudhuru figo zake, hasa akiwa amepungukiwa maji kwa sababu ya jua kali au kuharisha.

Zipo dawa nyingine za kuangaliwa. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini hupandisha presha. Rifampisini, inayotibu kifua kikuu, hupunguza sana kiasi cha nifedipini katika damu. Mgonjwa asiache tiba ya kifua kikuu. Amjulishe mtoa huduma ili dawa ya presha ibadilishwe ikibidi.

Mtumiaji afanye nini?

- Kabla ya kununua dawa yoyote, mweleze mtoa dawa kwamba unatumia dawa za presha. Mwoneshe pakiti zake au daftari la kliniki.
- Uliza kama parasetamoli inakufaa. Kwa kawaida ni salama zaidi kwa mwenye presha, ikitumiwa kwa kipimo kilichoelekezwa.
- Taja pia dawa za asili unazotumia.
- Usiache wala kupunguza dawa ya presha bila ushauri wa daktari, hata ukijisikia mzima.
- Mkojo ukipungua au miguu ikivimba, nenda kituo cha afya mapema. Upande mmoja wa mwili ukilegea au ulimi ukawa mzito ghafla, wahi hospitali mara moja.

Madhara yoyote unayoyashuku kuwa yametokana na dawa, yaripoti katika kituo cha afya kilicho karibu au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Taarifa yako inaweza kumkinga mtumiaji mwingine.